Makofi Hayalipi Hospitali

Maneno ya Kamati ya Fedha kwa wana-Tabora, katika chakula cha jioni cha kuchangia maendeleo ya nyumbani



Kila mwaka zamu ya Kamati ya Fedha inapofika, tunajua watu wanaanza kuangalia simu. Tunasoma mapato, tunasoma matumizi, tunataja salio, mnatupigia makofi ya heshima, muziki unaendelea. Mwaka huu hatutawachosha. Taarifa ya mahesabu imechapwa kurasa za nyuma za kitabu kilicho mezani kwenu. Imekaguliwa, na mwenye swali atuone. Usiku huu tumeomba dakika ishirini tuzungumzie jambo moja ambalo halikuwahi kupata mstari wake kwenye mahesabu, ingawa lilitugharimu. Ni habari ya mchezo wa raga.

Tunaona wengine mnacheka. Raga na Tabora wapi na wapi? Sisi ni watu wa mpira wa miguu. Tulishangilia timu yetu ilipocheza Ligi Kuu ikiitwa Tabora United, na Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ukajaa tena. Raga wengi wetu tumeiona kwenye televisheni tukitafuta taarifa ya habari. Lakini kijana wetu mmoja aliicheza kama kazi. Yumo humu ukumbini. Ametupa ruhusa ya kusema habari yake bila kutaja jina lake.

Kijana huyu alipomaliza darasa la saba alichukuliwa na shangazi yake aliyeolewa Nairobi, akasome huko. Shuleni akakuta wenzake wanacheza mpira wenye umbo la yai, unaokimbizwa mkononi, unaopasiwa nyuma wakati wewe unakwenda mbele, na anayekuzuia anakukumbatia mpaka chini. Mwili alikuwa nao, mbio alikuwa nazo. Alipomaliza sekondari, klabu moja ikamchukua. Akatutumia picha akiwa amevaa jezi.

Sisi tulifanya nini? Mtakumbuka. Mwaka ule picha yake ilioneshwa kwenye ukuta mkubwa katika shughuli kama hii. Wazee wakasimama. Tukachanga papo hapo tukamnunulia viatu jozi mbili, tukachapisha fulana zenye jina lake, na kwenye kundi letu la WhatsApp tukaanza kumwita Simba wa Unyanyembe. Kila wikiendi ilikuwa pongezi na mikono ya kupiga makofi.

Katika chama hiki tuna wahasibu, tuna mawakili, tuna watu wa bima. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza swali dogo ambalo tungemuuliza fundi anayekuja kujenga choo: mkataba uko wapi?

Msimu wa tatu goti likavunjika kano. Siku ile ya kwanza klabu ilimpa barafu na nauli ya teksi. Baada ya hapo simu zake zikawa hazipokelewi. Alipotuma karatasi aliyosaini, tuliisoma tukiwa watu watano kwenye ofisi ya mwenzetu pale Kariakoo. Ilikuwa ukurasa mmoja. Ilitaja posho ya mazoezi na posho ya mechi. Ilisema mchezaji anacheza kwa hiari yake. Kuhusu matibabu haikuwa na neno.

Tukapitisha mchango. Ahadi zilikuja haraka kuliko fedha, na nyingine bado ziko njiani mpaka leo. Majina tunayo, lakini usiku huu si wa majina. Mpaka fedha za upasuaji zinatimia, miezi tisa ilikuwa imepita, na goti lililokaa miezi tisa bila tiba si goti lile lile. Leo anatembea vizuri, ila hakimbii. Ana miaka 24. Anauza vipuri vya pikipiki, na anajituma.

Hatukusimama hapa kuisema klabu ile. Klabu ilifanya ambacho karatasi iliiruhusu ifanye. Lawama tunajipa sisi, tuliokuwa na kalamu mfukoni tukatumia viganja.

Ndugu zetu, ili tuelewane tunachoomba, turudi nyuma kidogo tuone raga ilivyogeuka kuwa kazi. Mchezo huu ulianzia Uingereza. Wachezaji wengi wa kaskazini mwa nchi ile walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Kwenda kucheza kulimaanisha kukosa mshahara wa saa zile. Wakaomba wafidiwe muda waliopoteza. Wakubwa wa mchezo, ambao wengi wao walikuwa na mali zao, wakasema mwiko: mwanamume muungwana halipwi kwa kukimbiza mpira. Mwezi Agosti 1895 klabu kadhaa zikakutana katika mji wa Huddersfield, zikajitenga na kuanzisha raga yao, ile inayoitwa raga ya ligi. Hii ya wachezaji 15, raga ya yunioni, ikaendelea kukataza malipo kwa miaka mia moja. Ni Agosti 1995 ndipo bodi ya kimataifa ilipotangaza kwamba mchezaji anaweza kulipwa waziwazi.

Maana yake kazi hii ina umri mdogo. Wengi tuliomo humu tulikuwa shuleni siku ilipozaliwa.

Sasa mwaka ule wa 1895, wakati mabwana wa Uingereza wanabishana kama ni aibu kumlipa mtu kwa nguvu za mwili wake, babu zetu walikuwa wameshamaliza ubishi huo zamani. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, alikuwa mtu wa kazi. Alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, juu ya bega. Kabla ya kuuinua, ujira ulikuwa umekubaliwa: nguo kiasi gani, ushanga kiasi gani, waya wa shaba kiasi gani. Njiani alistahili posho. Neno hili la posho ambalo leo tunaligombania kwenye semina lilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku, na likicheleweshwa mizigo iliwekwa chini, msafara ukasimama. Wazungu waliopita kwetu, tangu Burton na Speke waliofika Kaze mwaka 1857, wamejaza vitabu kwa malalamiko juu ya ukaidi wa wapagazi. Tukiyasoma malalamiko yale leo kwa macho ya mhasibu, mengi tunayaona ni watu waliokuwa wanadai kilichokubaliwa.

Tuseme ukweli wote: njia ile haikuwa ya hiari kwa kila mtu. Wapo waliopita pale wakiwa na minyororo shingoni, nao hawakuulizwa ujira wala posho. Ndiyo maana tofauti ya mtu mwenye mapatano na mtu asiye na mapatano, sisi wa Tabora hatuhitaji kufundishwa na mtu. Njia yenyewe imetufundisha.

Na jambo jingine: mpagazi hakwenda peke yake. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia na bendera, aliyejua visima viko wapi na wapi pa kulala. Kijana wa safari ya kwanza alitembea katikati ya waliokwishafika Pwani. Kijana wetu wa raga tulimpeleka bila kirangozi. Tulimpungia mkono tu akiondoka.

Tuangalie sasa waliofika mbali katika kazi hii, na kwa bahati ni jirani zetu. Nairobi kuna ndugu wawili, Humphrey Kayange na mdogo wake Collins Injera. Walicheza raga ya wachezaji saba kila upande, ile ya mbio, ambayo mechi ya kawaida ni dakika 14. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la mchezo huo kule Dubai, Kayange akiwa nahodha, Kenya iliifunga Fiji na kufika nusu fainali. Msimu ule ule Injera aliongoza dunia nzima kwa kugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa adui, ambalo ndilo bao lenyewe la raga: mara 42. Tarehe 17 Aprili 2016 Kenya ilichukua ubingwa wake wa kwanza katika mashindano ya mzunguko wa dunia, Singapore, kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7. Msidhani Fiji ile ilikuwa dhaifu: miezi minne baadaye ilitwaa dhahabu ya Olimpiki Rio. Mwezi Mei mwaka huo huo, London, Injera akavunja rekodi ya dunia ya mabao hayo, iliyokuwa 230. Mwaka uliofuata Mwingereza Dan Norton akampita. Ndivyo rekodi zilivyo, mtu anapangishiwa tu.

Yote hayo ni ya kujivunia kwa Afrika Mashariki nzima. Lakini sisi ni Kamati ya Fedha, na tunaangalia upande wa pili wa ukurasa pia.

Upande wa pili una mambo manne.

La kwanza ni jema. Kayange hakuweka kila kitu kwenye mpira. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Nairobi huku anacheza. Alipotundika viatu alikuwa na pa kwenda, na baadaye akawa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alikuwa na mguu mmoja uwanjani na mwingine darasani.

La pili, mwezi Juni 2018, timu hiyo hiyo ya taifa ya Kenya ikiwa kwenye mashindano Paris, wachezaji waliingia uwanjani wameziba jina la mdhamini kwenye jezi zao. Walikuwa wanalalamikia malipo. Watu ambao dunia iliwapigia makofi Singapore, miaka miwili baadaye walikuwa wanadai haki yao kwa kuficha maandishi ya kifuani. Mpagazi wa zamani angeuelewa ujumbe ule mara moja: mizigo imewekwa chini.

La tatu linauma. Kocha aliyeleta ubingwa wa Singapore aliitwa Benjamin Ayimba, mwenyewe akiwa nahodha wa zamani wa Kenya. Mwezi Mei 2021 alifariki kwa malaria iliyopanda kichwani. Alipokuwa amelazwa, familia yake ililazimika kuomba watu wachangie gharama za hospitali. Malaria, ndugu zetu. Ugonjwa ambao kila mtu aliyekulia Tabora ameugua. Mtu aliyeipa nchi furaha ile, hospitali yake ilisubiri mchango kama ilivyosubiri ya kijana wetu.

La nne linatoka kwenye nchi yenye fedha. Steve Thompson alikuwa kwenye timu ya Uingereza iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwaka 2020, akiwa na miaka 42, alieleza hadharani kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kabisa siku ile ya kulitwaa kombe. Yeye na wachezaji wengine wa zamani wanasema chanzo ni kupigwa kichwa miaka na miaka. Leo sheria zimekazwa: anayepigwa kichwa anatolewa nje akaguliwe, na haruhusiwi kurudi mchezoni mpaka apite hatua zake. Lakini tuzingatie kwamba kombe la dhahabu halikumlinda.

Sasa hesabu. Chukueni mfano wa mchezaji mwenye bahati, anayeanza kulipwa akiwa na miaka 20 na kustaafu akiwa na 32. Miaka hiyo 12 ya kazi lazima imlishe mpaka, tuseme, miaka 70. Yaani mapato ya miaka 12 kwa matumizi ya miaka 50. Kila shilingi anayoshika, zaidi ya robo tatu yake si ya leo, ni ya yule mzee atakayekuja kuwa. Huyo ndiye mwenye bahati. Kijana wetu alipata misimu mitatu. Sisi wenye mishahara tunastaafu kwa miaka 60, na bado tunalia kwamba haitoshi.

Wapagazi nao waliijua hesabu hii. Mwili wa kubeba frasila mbili haudumu. Ndiyo maana wengi walipanga safari kwa msimu, wakashuka Pwani kiangazi na kurudi kabla ya mvua, jembe lisipoteze mwaka. Waliobadili nguo na ushanga wao kuwa ng'ombe na majembe walijenga miji yao. Kisha reli ikaja. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912. Kazi iliyowapa jina Wanyamwezi kutoka Pwani mpaka Kongo ikaisha ndani ya miaka michache. Aliyekuwa na ng'ombe aliisikia treni inapiga honi akiwa zizini. Aliyekuwa na sifa za safari tu alibaki nazo, akawasimulia wajukuu. Sisi wengine ndio wajukuu wenyewe.

Ndugu zetu, hatusemi vijana wasicheze. Mtoto aliyepewa mbio na Mungu mwache akimbie. Tunasema wasiende mikono mitupu, na tunasema sisi tuliotangulia mjini tuna wajibu wa kuwa kirangozi.

Kwa hiyo Kamati imeleta pendekezo, na Kamati Kuu imekubali tulifikishe kwenu: tuanzishe mfuko mdogo, wenye akaunti yake peke yake, wa kuwalinda vijana wetu wanaokwenda kuishi kwa nguvu za miili yao. Hautanunua viatu wala kuchapisha fulana. Kazi zake ni tatu tu. Kwanza, hakuna kijana wa chama hiki atakayesaini mkataba kabla wakili wetu hajausoma. Mawakili wetu wamekubali kusoma bure, mfuko utalipia gharama ndogo ndogo za karatasi na mihuri. Pili, pale ambapo mwajiri hatoi bima ya matibabu, mfuko utamkatia kijana bima ya mwaka wa kwanza, naye atajilipia kuanzia mwaka wa pili, akituonesha risiti. Tatu, kila anayenufaika atafungua akaunti ya akiba na kuendelea na masomo au ufundi wowote, hata wa jioni. Asiyetaka masharti haya tutamtakia kheri, lakini fedha zenu hazitamfuata.

Na mfuko huu si wa raga. Ni wa mcheza kandanda, wa bondia, wa mkimbiaji. Ni wa binti yetu anayekwenda Oman kufanya kazi za nyumbani akiwa na karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Wote hao ni wapagazi wa leo. Raga imetufungua macho tu, kwa sababu ndiko tulikojikwaa.

Tunajua lipo pingamizi, na ni la haki. Kwenye kikao cha Julai mzee wetu mmoja alituambia: "Vijana wangu, bweni la wasichana limesimama kwenye lenta tangu mwaka juzi. Mtoto wa kike anapanga chumba mtaani ili asome, ninyi mnataka kulipia goti la mcheza mpira?" Mzee, hatukuwa na jibu la haraka siku ile, na tulikaa nalo. Jibu letu ni hili. Hakuna shilingi ya bweni itakayoguswa. Bweni lina akaunti yake, na usiku huu ndilo la kwanza kwenye orodha. Lakini tulipopitia vitabu tuliona jambo ambalo tunaona aibu kulisema: kule kuchangia kwa dharura, kwa goti lile, ndiko kulikochelewesha bati. Wachangiaji ni wale wale, na mfuko wao ni ule ule. Walipotoa kwa hospitali, walikuwa wamechoka tulipokuja na bweni. Bima ya mwaka mmoja ingegharimu sehemu ndogo ya upasuaji. Tusipolipa kidogo mapema tutalipa kingi kwa kuchelewa, na atakayelala bila paa ni yule yule binti.

Tumalizie na jambo lililo mbele yetu sasa hivi, maana hili halisubiri kikao kijacho.

Kijana wetu ana mdogo wake. Ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita, na ana mbio kuliko kaka yake. Alikwenda Nairobi likizo, akajaribiwa na klabu nyingine, sasa wameleta barua. Anatakiwa kuripoti mwisho wa mwezi. Safari hii karatasi haikwenda WhatsApp ikapigiwa makofi. Ililetwa kwetu. Ina kurasa mbili. Tuliwaandikia klabu maswali matatu. Je, akisoma jioni mtamruhusu? Wamejibu ndiyo, kwa maandishi. Je, mkataba ukivunjwa na ninyi, stahili zake na nauli ya kurudi nyumbani analipa nani? Wamejibu watalipa wao, kwa maandishi. Je, akiumia kazini nani anamtibu? Wamejibu: "Tutaangalia."

Ndugu zetu, "tutaangalia" haiingii kwenye daftari. Haina upande wa kulia wala wa kushoto.

Mama yao alikuja ofisini kwetu mwezi uliopita, ametoka Tabora kwa basi. Alileta mfuko wa michembe na chupa ya asali, akaketi, akatuuliza hivi: "Wa kwanza mlimpigia makofi. Huyu wa pili mtamfanyia nini?" Tulimwambia tutakuja kuwauliza ninyi. Ndiyo tumekuja.

Msimamo wa Kamati ni kwamba kijana asivuke mpaka wa Namanga mpaka swali la tatu lipate jibu. Klabu ikiandika kwamba itamtibu, vizuri. Isipoandika, jibu tutalitoa sisi kwa bima ya mwaka mmoja kutoka kwenye mfuko huu, kama mfuko utakuwepo. Mfuko usipokuwepo tutamwambia mama abaki na mwanawe, na tutamwambia sababu bila kuficha: kwamba watu wa kwao walikaa wakala, wakasikiliza, wakaondoka.

Mezani kwenu kuna kadi mbili. Ya njano ni ya bweni. Ya kijani ni ya mfuko. Tunaomba muanze na ya njano; msitupe kijani kwa kuinyima njano. Andikeni kiasi mnachoweza kutoa kabla ya mwisho wa mwezi, si kiasi cha kufurahisha meza. Elfu kumi iliyolipwa ina nguvu kuliko laki tano ya ahadi; hilo tuna ushahidi nalo. Namba za akaunti zote mbili zimechapwa nyuma ya kadi, na kila miezi mitatu tutawaletea taarifa kwenye kundi, shilingi kwa shilingi, hata kama hakuna atakayeisoma.

Jumla tutaisoma kabla muziki haujaanza. Kadi zitakusanywa na kijana wetu mwenyewe, yule wa goti. Ameomba kazi hiyo. Atapita meza kwa meza, na anatembea taratibu, kwa hiyo tunaomba msimharakishe, na akifika kwenu muwe mmeshaandika.